Inama, Mwanangu

Watu wanapenda kunilinganisha na Kuli, na kila wakifanya hivyo napandwa na hasira upya. Eti tumekulia ulingo mmoja. Ulingo gani? Ni karakana ya baba yangu, fundi seremala. Jioni alisogeza mbao ukutani, akatundika gunia la maranda na kufundisha ngumi. Mimi nilizaliwa humo. Kuli alikuja kubeba mbao, akang'ang'ania kama kupe.

Pambano langu la kwanza nilimlaza mtu raundi ya kwanza. Kuli katika la kwake alipigwa hadi mama yangu akamwonea huruma, na la pili akapigwa tena. Baba akawa anabaki naye kumrekebisha miguu, na kumwita mwanangu. Nilimezea, Baba huita hata muuza magazeti mwanangu.

Nami nilipoomba nifundishwe?

"Wewe una kipaji," alisema, akanipa mgongo.

Basi nikawa nashinda kwa mkono wa kulia tu, na Kuli akajifunza mengine yote. Alipoanza kushinda akahamia kwa kocha mwingine, hata asante hakusema. Mwizi wa fadhila! Nilifurahi alivyoondoka.

Juzi tukakutana kugombea mkanda. Baba alikuwa kwenye kona yangu, taulo langu begani. Mkanda niliutaka, lakini zaidi nilitaka Baba aone kwa macho yake nani mwanawe.

Raundi ya sita nikambana Kuli kwenye kamba. Mikono ilimshuka, kidevu kikabaki wazi. Nikavuta ule wa kulia.

"Inama, mwanangu!" Baba akapiga kelele.

Sauti ile imo mwilini mwangu tangu utoto. Niliinama kabla sijafikiri, ngumi ikafia njiani. Kuli naye aliinama. Tukawa wapumbavu wawili tunatazama sakafu, ila yeye aliinuka kwanza, na ngumi yake ikaja naye.

Nilipozinduka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Baba alikuwa ananikata bandeji za mikononi.

"Kuli alikuwa amekwisha," nikamwambia. "Mikono chini! Uliniambia niinamie nini?"

Mkasi ukasimama.

"Baba, nakuuliza."

"Ilinitoka tu," alisema bila kunitazama. "Sikuwa nakuambia wewe."

Nikamnyang'anya mkasi, nikakata zilizobaki mwenyewe.