Wa Kwanza Hatabaki Shambani kwa Watu

Makokha alikuwa juu ya paa tangu asubuhi na mapema aking'oa misumari, na kila bati liliposhuka, jua la Februari liliingia nyumbani mwa mkewe Dinah bila kupiga hodi. Sebule iliyozoea kivuli sasa ilionekana yote: nyufa, masizi, na ukuta ambao mwanawe Sifuna aliuchorea gari kwa mkaa. Watu husema Kitale ni baridi. Wanaosema hivyo hawakuwepo mwaka ule. Shamba lilibaki mabua na vumbi, na hata mbwa alikuwa ameona kubweka ni kazi bure.

Walikuwa wanahama. Mzee Kigen, mwenye shamba, ndiye aliyemwajiri babake Makokha na baadaye Makokha mwenyewe. Alipofariki, wanawe waliuza. Mwenye shamba mpya hakuwa mtu mbaya. Alikuja jana, akawaamkua vizuri, akawaachia siku ya leo wahame, akasema kesho asubuhi trekta yake italima kuanzia barabarani mpaka mtoni, na nyumba zitasukumwa, kwa sababu alitaka ardhi iwe tayari kabla ya mvua. Makokha akasema sawa. Alikuwa na kipande cha ardhi ya ukoo kule Bungoma, upande wa Webuye, na ndugu yake Wepukhulu alikuwa amewajengea chumba tangu shamba liuzwe.

Kwa wengine hiyo ilikuwa habari ya kufunga magunia. Kwa Dinah ilikuwa habari ya mtoto.

Binti yake wa kwanza alizaliwa kwenye shamba hilo na akafa siku hiyo hiyo, hata jina hajapewa. Kwa desturi ya akina mama wa kwao, kichanga cha namna hiyo hakizikwi na wanaume wala hakiwekewi msalaba. Huzikwa na nyanya yake, peke yake, na mama haonyeshwi mahali. Akiona, walisema, tumbo lake litakuwa likitazama nyuma, na kila mtoto atakayeingia humo atamfuata mwenzake. Ataonyeshwa akishamaliza kuzaa. Dinah alipewa uji, akalazwa akitazama ukuta, na alipoinuka, mama mkwe wake Phelista alikuwa ameshanawa mikono.

Tangu siku ile alilikanyaga shamba zima kwa hofu. Akipalilia, alipalilia polepole, asije akamuumiza. Sifuna akazaliwa, Fridah akazaliwa, wote wazima, na bado hakuuliza. Alijua siku yake ya kuambiwa itafika. Hakujua ingefika na trekta.

Na sasa kulikuwa na jambo jingine. Alikuwa mjamzito, miezi mitatu, na aliyejua ni Makokha tu, ambaye alipoambiwa alisema "Mungu ndiye anajua" na kuendelea kunoa panga. Kwa hiyo Dinah alikuwa amebanwa pande zote mbili. Akinyamaza, trekta itampitia mtoto wake wa kwanza na kumtapanya shambani kwa watu. Akitaka kuonyeshwa, itabidi aseme uongo kwamba amemaliza kuzaa, na kama wazee walijua walilosema, atakayeumia ni huyu wa tumboni. Dinah alikuwa Mkristo wa viti vya mbele, mwenye sare ya akina mama, na kila Jumapili alisema mambo hayo ni ya giza. Lakini leo haikuwa Jumapili.

Alimkuta Phelista ameketi kwenye kivuli cha kabati lililotolewa nje, akifunga kuku miguu.

"Mayi," Dinah alimwita, maana mama mkwe naye ni mama, akachuchumaa mbele yake. "Nionyeshe mtoto."

"Mtoto gani?"

"Si unajua."

Phelista aliendelea na jogoo wake. "Wewe bado unazaa."

"Kesho trekta inakuja."

"Mimi sikuita trekta. Huyo mtoto amelala. Wewe angalia hawa wako na macho."

"Atalimwa, mayi! Mbwa watamuokota!"

Mikono ya mama mzee ikasimama. Kwa mara ya kwanza Dinah aliona kwamba hata yeye hakuwa amelala usiku. "Unafikiri mimi sioni hiyo?" Phelista alisema. "Lakini nikikuonyesha na bado uko na nguvu ya kuzaa, nitakuwa nimekuulia wengine na mkono yangu. Hiyo siwezi. Na kumtoa kama mama yake hayuko hapo, hiyo haifanywi. Hata trekta ikuje kumi."

Dinah akaenda chini ya paa. "Baba Sifuna! Shuka uongee na mama yako."

"Hiyo ni mambo ya wanawake, bana," Makokha alijibu, misumari ikiwa mdomoni. "Shika hii bati."

Dinah alitamani aanguke. Si sana, kiasi cha kushtuka tu. Akaliacha bati, akachukua jembe, akaenda migombani, kwa sababu siku zote alihisi mtoto yuko migombani. Alichimba hapa, akachimba pale. Udongo ulikuwa umekauka kiasi kwamba jembe lilikuwa linamrudia mikononi. Jasho lilimwingia machoni na malengelenge yakapasuka, na hakupata chochote ila mizizi. Alipokuwa ameinama hapo alisikia lori likiingia, mapema kuliko walivyopatana, na dereva, mwanamume mnene aitwaye Kang'ethe, akipiga honi kama anayefukuza ng'ombe.

Hapo ndipo Dinah aliporudi kwa Phelista, jembe mkononi, na kusema uongo.

"Mayi, nimefunga uzazi. Baada ya Fridah. Nilifanyiwa mjini. Sikuwaambia, sababu mngenisema."

Phelista alimtazama muda mrefu. "Apa."

"Mungu ananiona," Dinah alisema, na kwa kweli Mungu alikuwa anamwona.

Mama mzee alimwachilia kuku. Alipoongea, sauti ilikuwa chini. "Ako jikoni. Chini ya mafiga, hiyo jiwe inaangalia ukuta. Alikuwa amekuwa baridi sana, mama Sifuna. Mimi nikasema nimlaze pahali pa moto."

Miaka yote Dinah alipokuwa akimtafuta shambani kwa macho, alikuwa akikaa naye kila jioni, akimimina maji, akisonga ugali, akiwagombeza wadogo zake juu ya kichwa chake. Asubuhi ile ile alikuwa amepika chai hapo. Alilia kwa sauti, huku akikimbia, na hakujali ni nani anayemsikia.

Jikoni, ambako bado kulikuwa na paa la nyasi, joto lilikuwa la kukata pumzi. Alilisukuma jiwe kwa kipande cha kuni maana lilikuwa bado na moto. Akainua jembe. Majivu yakamrukia usoni, yakamwingia puani, na kabla hajapiga mara ya pili tumbo lilimpanda. Aliwahi mlangoni tu. Alitapika maji ya manjano, akashikilia kizingiti, akatapika tena.

Alipoinua uso, Phelista alikuwa amesimama hapo, akitazama leso ya Dinah, jinsi ilivyofungwa juu ya kiuno na si kiunoni.

"Miezi ngapi?"

Dinah hakuwa na uongo mwingine. "Tatu."

Kule nje Kang'ethe alikuwa anapiga kelele: "Mathe, twende bana! Hii jua itanipasulia magurudumu!" Makokha naye alikuwa anaita magodoro yaletwe.

Dinah alipiga magoti penye matapishi yake mwenyewe. "Mayi, nilaani kesho. Leo nitolee mtoto."

Phelista alimnyang'anya jembe kwa nguvu ambazo Dinah hakujua bado anazo. "Umenidanganya na jina ya Mungu," alisema. "Geuka. Angalia ukuta. Ukigeuza shingo, ninaacha hapo hapo na trekta ikuje."

Dinah aligeuka. Aliweka paji la uso ukutani na mikono yote miwili tumboni, akafumba macho hata yakauma. Alisikia jembe. Kisha akasikia jembe likiwekwa chini na vidole vikikwangua. Kila kiungo chake kilitaka kugeuka. Alikuwa akimtaka yule nyuma yake na alikuwa akimwogopea huyu aliye mbele, na hakuna sala aliyoijua iliyowatosha wote wawili. Kisha Phelista akaanza kuongea Kibukusu, sauti ya mtu anayemwamsha mtoto taratibu, akimwambia asiogope, wanaenda nyumbani. Kitambaa kikachanwa.

Phelista alikuwa wa mwisho kupanda lori, na mgongoni mwake alikuwa amebeba kitu kidogo sana kwa leso, kama abebwavyo mtoto.

"Umebeba nini hapo, cucu?" Kang'ethe aliuliza, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

"Mjukuu."

Kang'ethe akacheka. Makokha aliyekuwa anafunga kamba alimtazama mama yake, kisha mkewe, na kamba ikamponyoka mikononi. Aliiokota, akaifunga upya.

Njia nzima Dinah aliketi akitazama nyuma, barabara ikikimbia kuelekea Kitale, na Phelista ameketi nyuma ya mgongo wake juu ya magodoro. Vumbi na joto vilimkausha koo. Fridah alimuuliza mbona analia, akasema ni jua.

Walipofika kwa Wepukhulu, Phelista hakunywa hata maji. Aliomba jembe, akakataza mtu yeyote kutoka nje, akapotelea nyuma ya nyumba. Dinah aliingia chumba kipya, kilichonuka udongo mbichi, akaketi akitazama ukuta tena. Alisubiri. Watoto walikuwa wakigombania mahali pa kulala na hakuwa na nguvu za kuwanyamazisha.

Phelista alirudi akiwa ameshanawa mikono.

"Amelala?" Dinah aliuliza.

"Amelala."

"Wapi, mayi?"

"Zaa kwanza. Ukimaliza kabisa, uniulize." Mama mzee akaketi chini kwa shida, akakohoa kikohozi kirefu cha vumbi, mkono kifuani, miguu imevimba. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua mahali pale.

Dinah alimtambalia, akamshika magoti. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwombea mama mkwe wake lolote.

"Basi usife," alisema. "Mayi, tafadhali, usife."