Kicheko Chenye Kibandiko

Mhasibu wa duka la magodoro alikuwa akibandika namba kwenye mali za kampuni: viti, birika, feni iliyolegea shingo. Alipofika mapokezi, Mama Pacha, mpokea wateja, alikuwa anacheka kile kicheko chake cha kuangua bila breki, na mteja aliyekuja kulalamika akaishia kununua godoro la pili.

"Hii nayo mali," mhasibu alisema. "Haishikiki, lakini inaleta wateja. Lazima iingie kwenye mizania."

"Ingiza kwanza nyongeza yangu ya mshahara, baba."

"Mshahara ni gharama, mama. Gharama tunapunguza."

Akabandika namba hewani, mbele ya mdomo wa Mama Pacha. Ikashika.

Jioni mlinzi alimpekua getini kama kawaida. "Shangazi, chenye kibandiko hakitoki."

Kicheko kikarudi ndani, kikakaa kwenye kiti chake ambacho bado kilikuwa na joto. Mama Pacha akawahi basi.

Nyumbani pacha mmoja alivaa sufuria kichwani, mwenzake akaigonga na mwiko akiuliza, "Hodi, wenyewe wapo?" Mama yao alifungua mdomo. Kimya.

"Mama, umenuna?"

"Sijanuna. Kimebaki kazini."

Wakaelewa. Hata sare yake hubaki kazini.

Kampuni ilinenepa. Watu wa benki walikuja, wakakisikiliza kicheko, wakatingisha vichwa kukubali na kutoa mkopo. Mama Pacha alipougua homa, kicheko kilipokea wateja chenyewe, tena hakikuomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliporudi, alikuta barua ya kupunguzwa kazini.

"Sawa, naondoka," alimwambia mhasibu. "Nipe changu."

"Kipi, mama? Kile kina namba." Akampa kalamu ya zawadi, yenye jina la kampuni.

Siku hizi, kila Jumamosi, Mama Pacha huwapeleka wanawe dukani na sufuria yao. Huketi ukingoni mwa godoro la maonyesho, nailoni ikilia chini yao.

"Mnanunua?" muuzaji huuliza.

"Tunaangalia tu."

Pacha mmoja huvaa sufuria, mwenzake hupiga hodi. Pale mapokezi, kwenye kiti kitupu, kicheko hulipuka mpaka feni inayumba. Watoto humgeukia mama yao, ambaye amefungua mdomo ili ulingane na kicheko.

Wakitoka, mlinzi huwapekua wote watatu. Huinua sufuria, hukagua ndani, kisha huwarudishia.

"Karibuni tena, shangazi."