Ahmad Amini Hajabisha Hodi

Masikio ya Bi Shariffa hayakuwa mabovu, tusimsingizie. Yalikuwa yanachagua. Ukimwambia amezidisha chumvi, hasikii. Lakini taja harusi nyumba ya saba, na yeye yumo jikoni kwake mtaani Ansab na sufuria inapiga filimbi, atakuuliza bibi harusi ni nani.

Basi jioni moja binti yake wa pekee, Wijdan, alikuwa sebuleni akizungumza kwa simu na mwenzake wa kazi. Wijdan hutengeneza chakula cha samaki wa kufugwa, na tasi wake walikuwa wamegoma kukua. "Ahmadh aminiyya ndio roho ya kila kitu," alisema. "Bila hizo mimi sina kazi wala sina usingizi."

Kwa Kiarabu, ahmadh aminiyya ni vile vijenzi vya protini ambavyo kiumbe akivikosa mwili haujengeki. Lakini filimbi ya sufuria ilipita katikati, na kilichofika jikoni kilikuwa hiki: Ahmad Amini ndiye roho, bila yeye sina usingizi.

Bi Shariffa akazima jiko. Yarabi, hatimaye! Usiku na mchana alikuwa akiomba asife akamwacha mtoto huyu peke yake katika nyumba kubwa. Wachumba walikuja wakarudi, Wijdan akisema ana kazi. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu!

Jina hakulitaja. Kwao mposaji hatajwi mpaka abishe hodi, watu wana jicho. Aliuliza kwa mbali, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mambo yako hayo, mwanangu, yanakwendaje?"

Wijdan aliinua uso. "Mambo gani, mama? Ya kazi?"

"Hayo hayo." Ala, kumbe wamekutana kazini.

"Yanakwenda polepole. Kuna kimoja kinapungua. Na kikipungua hicho kimoja tu, vyote vilobaki vinapotea bure."

"Hata marehemu baba yako alikuwa na kimoja kinapungua," alisema Bi Shariffa. "Nilistahamili."

Wijdan alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani mama anatania. Tangu siku hiyo Bi Shariffa akawa haishi kuuliza, na Wijdan haishi kueleza. Alieleza kwamba soya peke yake haitoshi, na kwamba kile kinachopungua mwili hauwezi kujitengenezea, lazima kiagizwe kutoka nje.

"Nje wapi?"

"Uchina."

"Mfanyabiashara," Bi Shariffa alimnong'oneza jirani yake, Bi Balqis, na kumwapisha asiseme. Bi Balqis aliapa, na kwake kuapa kulimaanisha kwamba watu wa Mabela, mtaa wa mbali, hawatajua mpaka kesho asubuhi.

Halafu siku moja Wijdan akaingia uso unang'aa. "Mama, Ijumaa ntawaleta nyumbani uwaone kwa macho yako."

Bi Shariffa alishika meza. "Wangapi?"

"Sita. Wanene, mashaallah!"

Ijumaa ile nyumba ilifukizwa udi mpaka paka akahama. Palipikwa pilau ya mbuzi, kuku wa nazi, sambusa na mkate wa kumimina. Palitandikwa busati la wageni, pana kwa watu sita wanene. Bi Balqis alileta vikombe vyake vya kahawa vya kuringia, akavaa na dhahabu, utasema anayeposwa ni yeye. "Chanda chema huvikwa pete," akawa anaimba majlisini, chumba cha wageni, akijipepea.

Wijdan aliingia kwa mlango wa jikoni, amekumbatia sanduku la barafu.

"Wako wapi?" aliuliza Bi Shariffa, mtandio wa hariri begani.

"Hawa hapa!"

Akafunua. Juu ya barafu wamelala tasi sita, macho yamewatoka, wanene kweli, mashaallah.

Bi Shariffa aliwatazama samaki, samaki wakamtazama yeye. Akakumbuka Uchina, akakumbuka kile kinachopungua. Moja moja yote yakajipanga kichwani mwake, na hasira ikampanda. Alifungua kinywa ili aseme.

Lakini Wijdan alikuwa ameshaona masufuria, ameshaona busati. Akaweka sanduku chini taratibu.

"Yote haya kwa ajili ya samaki wangu?" aliuliza. "Mama, tangu nnaanza kazi hii, humu ndani naulizwa lini ntaolewa, basi. Wewe mwezi huu umeniuliza kazi yangu kila siku. Hujui ulivyonifurahisha. Nilikuwa nnarudi nyumbani mbio."

Hasira yote ya Bi Shariffa ikateremka. Aliona haya, haya ya kweli, kwa sababu kila jawabu la mwanawe yeye alikuwa akilipekua amtafute mwanamme ndani yake.

Mara Bi Balqis akachungulia mlangoni, bangili zinalia. "Na Ahmad Amini yuko wapi? Aingie, mbona mnamweka nje?"

Wijdan aligeuka, kisha akaangua kicheko. "Hata Bi Balqis umemfundisha, mama! Ni ahmadh aminiyya, Bi Balqis. Zimo humu humu ndani ya samaki."

Bi Balqis alitazama sandukuni. "Ndani ya—"

Bi Shariffa alimkanyaga mguu, na hakuuondoa wake mpaka alipohakikisha ameelewa.

Tasi wakakaangwa kwa ndimu na pilipili, wakaliwa na pilau ya mposaji. Walikuwa watamu, nyama imeshikana. Wijdan alisema bila kupumua: kwamba samaki hashibi kwa wingi wa chakula bali kwa kupata kila kijenzi kwa kiasi chake, kwamba kile kilichokosekana alikiongeza kidogo tu, mambo yakageuka.

Bi Balqis aliinama. "Na posa je, Shariffa?" alinong'ona.

"Nyamaza, Balqis. Mtoto anasema."

Kisha akamsogelea bintiye, akampa kipande cha shingoni, kile kizuri. "Hicho kilokuwa kinapungua, mwanangu, kinaitwaje?"

"Methionini."

"Maimuna?"

"Methionini, mama."

Bi Shariffa alirudisha mtandio nyuma ya sikio. "Sema tena, polepole. Safari hii nnataka kusikia."