Risasi Zenye Doa Jekundu

"Hivi mama, bunduki mpya nayo inaweza kukataa risasi kama mtoto anavyokataa dawa?"

Jirani yangu mshona viatu aliniuliza hivyo juu ya ua, mimi naanika nguo. Aliuliza kwa upole, lakini nilielewa. Maneno yalikuwa yameshazunguka mtaa mzima kabla ya kunifikia. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa anapita akisema mwanangu kamuuzia bunduki mbovu.

Mwanangu ni fundi wa bunduki kama baba yake alivyokuwa. Karakana ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Anatengeneza bunduki za wawindaji, na mwenye kibali akitaka mpya humwagizia. Lakini tangu baba yake afariki anafanya kazi kwa leseni ya muda, na sababu yake naijua kwa sababu ilipitia mikononi mwangu. Mtu mwenye silaha akifa, bunduki yake na risasi zake hurudishwa kituoni. Bunduki kuukuu ya mume wangu tuliirudisha. Kopo lake la risasi halikuonekana. Afisa wa silaha hakuniita mwizi, alisema tu kwamba nyumba inayopoteza risasi ni ya kuangaliwa kwanza, leseni kamili itasubiri. Siku ile niligeuza magodoro, nikatoa vyombo vyote kabatini, na shemeji amesimama mlangoni ananihimiza mbele ya askari. "Tafuta vizuri, shemeji. Nyinyi wanawake mnaweka vitu halafu mnasahau." Nikatafuta. Nikaomba na Mungu anifunulie. Sikuona kitu.

Sasa juu ya hilo linakuja neno la bunduki mbovu. Likimfikia afisa, hata hiyo leseni ya muda ingekwenda, na mwanangu angebaki kushika tama.

Shemeji alikuja asubuhi, bunduki begani na begi mgongoni. Mtaani wanamwita Shabaha, na si kwa kumsifu. Aliwahi kulenga nguruwe pori akatoboa tangi la maji la shule, na nguruwe, watu wanasema, alikunywa kwanza ndipo akaondoka. Wenye mashamba walikuwa wamemwomba awapunguzie nguruwe wanaofukua mihogo, na yeye alishawaahidi kwa kifua mbele. Akailaza bunduki mezani, akamwambia mwanangu kwamba risasi inaingia nusu, inagoma, na mkono wa bolti, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, haushuki hata ukiusukuma kwa nguvu. Alitaka ipone leo hii, la sivyo angekwenda kusema panaposikilizwa.

Mwanangu akamwitikia, "Sawa, baba mdogo," akanawa mikono. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu nashona mifuko ya turubai ya kubebea bunduki. Sikuinua kichwa, lakini sindano yangu ilipunguza mwendo.

Akachomoa bolti, akachungulia mtutu upande wa dirishani. Mtutu safi. Akasema bunduki mpya huja na grisi nzito ya kuzuia kutu, na ikibaki kwenye chemba, pale risasi inapokaa, inaweza kuleta ubishi. Akafunga kitambaa kwenye fimbo, akakizungusha ndani. Kilitoka na uchafu kidogo wa rangi ya chai. Akarudia mpaka kikatoka cheupe. Kisha akatoa ile sindano ndogo ya chuma inayopiga risasi kutoka ndani ya bolti, ili kisije kikalipuka kitu humu ndani, akaelekeza mtutu kwenye sanduku la mchanga na kumwomba baba yake mdogo risasi moja.

Shemeji hakufungua begi. Aliingiza mkono mfukoni akatoa moja, akaificha kwenye kiganja mpaka ilipofika kwa mwanangu. Ikaingia nusu, ikagoma.

"Si nilikuambia," akasema shemeji, akakaa.

Mwanangu akafungua droo akachukua risasi ya kupimia, ile isiyo na baruti, ya saizi ileile. Ikateleza, bolti ikashuka kwa kidole kimoja. Akaitoa, akarudisha ya shemeji. Ikagoma. Akamuuliza zake amezinunua wapi. Shemeji akasema dukani, mjini, wapi tena risasi zinauzwa, au siku hizi zinachumwa mitini? Akacheka peke yake. Halafu akaegemea meza na kushusha sauti, akasema hapa hakuna haja ya kuulizana kama polisi. Chemba imebana. Ikwanguliwe kidogo ipanuke, yeye aende zake, na maneno ya mtaani atayafuta mwenyewe kwa mdomo uleule.

Nilimwona mwanangu akikitazama chuma cha kukwangulia kilichoning'inia ukutani. Alijua kwamba chemba ikishapanuliwa hairudi, na kwamba anayekwangua bunduki nzima ndiye anayeiharibu kweli. Lakini huyu ni baba yake mdogo, na leseni ilikuwa inaning'inia palepale ukutani pamoja na chuma. Mkono wake ukanyanyuka.

Nikamwambia, "Mwanangu, ipake wino kwanza. Baba yako alikuwa hashiki chuma kabla ya wino."

Akashusha mkono. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaipaka ile risasi weusi ganda lote, akaiingiza mpaka ilipogomea, akaitoa. Panaposuguana wino hufutika. Ulikuwa umefutika begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, na kidogo juu ya kitako. Kwingine kote ulibaki. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ganda hili ni nene kuliko kipimo. Lilishawahi kupigwa kwenye bunduki nyingine yenye chemba iliyolegea, likavimba kufuata umbo lake, kisha mtu akalijaza upya akabana shingo tu. Dukani haziuzwi hivi.

Hapo ndipo nilipoweka turubai chini. Mume wangu alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe. Bunduki yake ilikuwa imechakaa chemba, kwa hiyo aliyaacha maganda yabaki na umbo la bunduki ile. Alikuwa anasema ni kama nguo iliyoshonwa kwa mwili mmoja, mwingine akiivaa itamchanika. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kopo.

Nikanyoosha mkono, mwanangu akanipa. Nikaigeuza kitako. Kuizunguka fataki, kile kidonge cha katikati kinachowasha baruti, palikuwa na doa jekundu. Ni rangi ya kucha. Alikuwa anaipaka ili unyevu usiingie kwenye baruti, na chupa nilimnunulia mimi. Muuza duka aliniuliza kama mama mtu mzima nimeanza kwenda harusini bila kumwalika. Doa lenyewe lilikuwa limepinda upande mmoja, maana vidole vya mume wangu vilikuwa vinatetemeka miaka yake ya mwisho.

Nilitaja jina la Mungu moyoni, nikasubiri mpaka hasira ishuke chini ya ulimi.

"Shemeji," nikamwambia, "zile risasi ulizoniambia nitafute vizuri, nimeziona."

Alianza kusema kwamba marehemu ndugu yake alimpa kwa hiari, yeye mwenyewe, kabla hajafa, akaishia katikati, kwa kuwa alikumbuka alisimama wapi siku nilipogeuza magodoro mbele ya askari.

Mwanangu alikuwa ameinama, anarudisha ile sindano kwenye bolti. Alisema bila kumtazama kwamba bunduki ni nzima, haina kosa, na risasi za duka zitaingia. Akaongeza kwamba hizi nyingine hawezi kuziacha zitoke hapa zirudi mfukoni mwa mtu.

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa nimeyatunza. Lakini mtaa ulikuwa unasubiri, na mimi nilitaka kitu kimoja tu. Kituo kipo juu ya mtaa, ukipanda. Nyumba ya shemeji ipo chini.

"Ukizipeleka wewe mwenyewe leo," nikamwambia, "utakuwa umezirudisha. Akizipeleka mwanangu, utakuwa umekamatwa nazo. Na utamwambia afisa zilikuwa kwa nani siku zote hizi. Bunduki yako itakusubiri hapa."

Akafungua begi. Kopo lilikuwa mle, lilelile la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni pale nilipoliangusha mimi mwaka fulani. Mwanangu akafuta wino kwenye ile moja kwa kitambaa, akairudisha koponi pamoja na zile nyingine, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyompasa baba mdogo.

Nilisogea mlangoni kumpisha. Mshona viatu alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye soli yake. Shemeji akalikumbatia kopo kifuani, akatoka, akasimama kidogo barabarani, akashika njia ya kupanda.