Meno Manne ya Khayega

Jino la mtu aliyezikwa kabla ya Yesu kuzaliwa lilipelekwa Ulaya likapimwa, na majibu yakarudi kwamba mwenye jino ni Onesmus.

Onesmus alikuwa mchimbaji wetu. Siku majibu yalipofika alikuwa hai kabisa, amekalia karai lililopinduliwa, anakula obusuma, ugali wa kwetu.

Ilikuwa mwaka wa 1997, kwenye kilima kimoja karibu na Khayega. Mimi nilikuwa msimamizi wa wachimbaji. Aliyetuajiri ni Jepkemboi, aliyekuwa akitafuta shahada yake ya mwisho ya chuo kikuu. Alitaka kujua watu wa kwanza kuyeyusha chuma huku kwetu walitoka wapi. Mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha, tulipata ya kujaza mikokoteni, na vigae vya vyungu pia. Lakini kigae hakisemi mama yake ni nani. Alihitaji mwili, na udongo wetu hula mifupa. Alichimba miaka mitatu bila kupata mtu. Mwishowe tukafikia kaburi moja, na ndani yake yalikuwa yamebaki meno manne tu.

Ndani ya jino, alitueleza, hukaa DNA, alama ya ukoo ambayo mtu hupewa na wazazi wake. Waliokuwa wakitoa pesa za kazi walishamwambia waziwazi: meno yasipojibu, basi.

Alituvisha glavu na vitambaa vya mdomo. Kila mmoja wetu alitoa mate kwenye pamba, ili alama zetu zisije zikachanganywa na za marehemu.

Siku hiyo Jepkemboi alirudi kutoka Nairobi na majibu, na hata salamu hakutoa.

"Onesmus, alama yako na ya yule wa kaburini ni moja. Meno yote manne. Hakuna tofauti hata kidogo."

Rosebella, mpishi wetu, alipiga kigelegele. "Kumbe kilima ni chako, mzee! Tukulipe kodi?"

"Mimi ni babu yenu," Onesmus akasema. "Kuanzia leo mnipikie ingokho. Sitaki sukuma tena."

"Kuku utamtafuna na nini, na meno yako yalienda Ulaya?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Jepkemboi hakucheka.

"Mzee, uliyashika bila glavu?"

"Hapana, madam. Glavu nilivaa."

"Sasa uliyafanyia nini?"

Onesmus aliokota kijiwe cheupe, kimoja cha vile vilivyojaa kilimani, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akakitupa.

"Hiki hakinati, ni jiwe. Mfupa wa zamani hunata ulimini. Mzungu niliyechimba naye nikiwa kijana ndiye alinifunza, na sijawahi kukosea. Meno yalifanana sana na hivi vijiwe, madam. Ningekupea mawe upeleke Ulaya?"

"Uliteremsha kitambaa?"

"Ningelamba vipi nikiwa nimefungwa mdomo?"

"Yote manne?"

"Yote. Nililamba vizuri, hata udongo ukatoka."

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini hapo hata mimi nilielewa. Kule Ulaya walipima mate ya Onesmus. Jepkemboi alikaa chini udongoni na suruali yake safi.

"Si muyaoshe mpime tena?" Onesmus akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Yalisagwa, mzee. Ndivyo wanavyopima. Yamekuwa unga, na unga wenyewe umeisha."

Onesmus aliweka sahani chini. Rosebella alibaki na mwiko mkononi, anatutazama mmoja mmoja kama watu asiowajua.

Kaburi tulilifukia Ijumaa ile. Meno manne yameisha. Jepkemboi alipoteza miaka mitatu, na shahada hakuipata. Wachimbaji saba na mpishi mmoja walirudi nyumbani bila kazi. Na yule mtu mmoja wa kaburini, ambaye tulikuwa naye mikononi, watu wake walikotoka hakuna ajuaye.