Kidogo Kidogo kwa Mashine ya Jinja

Makokha alikuwa na kadi. Jambo hili lielezwe mapema na kwa heshima, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulichelewesha. Alikuwa Mkenya wa Bungoma, mfanyabiashara aliyenunua mahindi Busiu, Uganda, na kuyavusha mpaka, na mwaka huo wa 1999 hapakuwa na mtu mwingine Busiu mwenye kadi ya kutolea pesa ukutani. Alikuwa akiitoa mfukoni wakati wa kulipia chai. Chai hailipiwi kwa kadi, lakini watu waliiona.

Ijumaa moja alisimama Mbale mjini mbele ya Mugweri, mbadilishaji wa pesa, aliyekaa kwenye kiti chake na mfuko wa kaki mapajani.

"Shilingi moja ya Kenya unanipa ishirini tu za Uganda?" Makokha aliuliza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Huo ni wizi wa barabarani. Mimi nina elfu thelathini na tano benki, za Kenya! Nazitoa Jinja leo, kwa mashine. Mashine haina tumbo."

Wauza soda wakacheka. Mugweri naye akacheka, kwa adabu zote.

"Kweli, bwana. Mimi mwizi tu. Acha nikusindikize, na mimi nione hiyo mashine."

Makokha alikubali. Shujaa huhitaji shahidi, na zaidi ya hapo alihitaji msemaji wa posa. Kesho yake alitakiwa Wanale kwa Mzee Yekosofati, na laki sita za Uganda mkononi, mahari ya binti yake Nafuna. Mzee alikuwa amesema wazi kwamba zikipungua, Afande Geresom wa magereza alikwisha kumwomba binti huyohuyo na pesa zake ziko tayari. Makokha hakushtuka. Akiba yake ilitosha na kubaki. Suti ilikwisha kupigwa pasi.

Sasa, kila aliyewahi kubadilisha pesa mpakani Malaba anaijua sheria: usimwoneshe mbadilishaji bunda lote. Unatoa kidogo, unabadilisha, unahesabu, ndipo unatoa tena. Akikuibia, amekuibia kidogo. Makokha aliishika sheria hiyo kama wengine wanavyoishika Amri Kumi. Walipofika Jinja akaisogelea mashine kwa hila, akaificha kwa mabega, akabonyeza elfu ishirini za Uganda basi.

Mashine ikanguruma, ikatoa noti.

"Imekata ada gani?" Mugweri aliuliza.

"Ada ya nini? Nimeomba ishirini, imenipa ishirini kamili. Wewe ungenipa ishirini kamili?"

"Aa, mimi? Siwezi." Mugweri aliitazama mashine, kisha akamtazama Makokha, na uso wake ukajaa upole mwingi ajabu. "Basi endelea hivyo hivyo, ndugu yangu. Kidogo kidogo. Isikuzoee."

Makokha akaendelea. Ishirini, anahesabu, anakunja, anaingiza soksini. Ishirini nyingine. Foleni nyuma yake ikarefuka hadi kwa muuza magazeti.

"Bwana, unatoa pesa au unakamua ng'ombe?" mama mmoja aliuliza.

"Mama, hii ni akili. Tazama ujifunze."

"Mwacheni," Mugweri aliwasihi watu. "Kesho anaoa."

Alipotimiza laki tano, mashine ilikoma. Iliandika kwamba salio halitoshi. Makokha akaomba tena, ikaandika vilevile. Akaipiga kibao, askari wa mlangoni akakohoa na kuihamisha bunduki bega. Benki yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Imechoka tu," alisema Mugweri. "Mzee ataelewa."

Mzee hakuelewa. Sebuleni Wanale alizihesabu noti mbele ya wazee wenzake, akazihesabu tena, akazirudisha kwenye bahasha.

"Laki tano."

"Baba, Jumatatu naleta hiyo moja. Mashine ya Jinja imekwama nayo."

"Mashine ndiyo inamuoa binti yangu?"

Wazee wakacheka. Afande Geresom, kwenye kiti cha pembeni, hakucheka. Alikuwa na bahasha yake gotini na muda wa kutosha. Makokha alimwinamia msemaji wake sikioni.

"Mugweri, nikopeshe laki moja. Mfuko wako umejaa, nauona."

"Laki moja?" Mugweri alinong'ona. "Unakopa kwa mwizi wa barabarani? Rudi kwa mashine, ndugu. Ile haina tumbo. Inakata mia mbili na hamsini za Kenya kila ukichota, lakini tumbo haina. Tena shilingi yako inaihesabu kumi na nane, si ishirini. Ungezitoa kwa mkupuo, laki sita zingefika na za soda zingebaki."

Makokha alihisi soksi zimelowa.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu ishirini ya kwanza. Wateja wangu wote wanalia juu ya hiyo ada."

"Na hukusema!"

"Nikufundishe mimi? Mtu mwenye kadi?"

Mzee Yekosofati alikohoa, akamgeukia Geresom. "Afande, sogea hapa mbele."

Nafuna ndiye aliyeleta soda. Alimpa Geresom kwanza, kwa magoti, kisha akasimama mbele ya Makokha na sinia tupu.

"Suti nzuri," alisema. "Utakuja nayo kwa harusi?"

Jioni hiyo Mkenya huyo alikuwa Mbale mjini, soksini tena ana laki tano za Uganda ambazo Bungoma hazingemnunulia hata kiberiti. Wabadilishaji wengine walikuwa wamekwenda zao. Mugweri peke yake alikuwa kitini, mfuko mapajani.

"Kurudi Kenya, naona? Leo shilingi moja ya Kenya ni ishirini na tano."

"Ishirini na tano! Jana ulisema ishirini!"

"Jana ulikuwa unauza. Leo unanunua." Mugweri alifungua mfuko polepole. "Zote kwa mkupuo, ndugu, au kidogo kidogo?"

Makokha alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akageuka kando, akainamia soksi, akatoa elfu ishirini, si zaidi.