Kati ya Fundo la Kumi na Moja na la Kumi na Mbili

Mume wangu Masalu aliacha shule kidato cha kwanza, akaenda kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo nje ya mji wa Geita. Alipofika miaka thelathini na moja alijiandikisha kufanya mtihani wa QT, ule wa walioachia shule njiani. Mimi nilimaliza kidato cha nne, kwa hiyo nikawa mwalimu wake. Ubao wetu ulikuwa ukuta wa udongo wa sebuleni, chaki yetu mkaa.

Kilichomsumbua ni hesabu za kubwa kuliko na ndogo kuliko.

"Hasi mbili x ni ndogo kuliko sita," nilimsomea. "Tafuta x."

"X ni ndogo kuliko hasi tatu."

"Umegawanya kwa hasi. Geuza alama."

"Igeuke kwa nini? Imekosa nini?"

Nilimwuliza, mtu aliye mita tatu shimoni na aliye mita tano, nani yuko juu?

"Wa mita tatu. Huyo hata redio ya mama ntilie anaisikia."

"Basi. Tano ni kubwa kuliko tatu, lakini hasi tano iko chini ya hasi tatu."

Akageuza alama. X ni kubwa kuliko hasi tatu.

"Kumbe mwalimu, miaka yote nasoma shimoni bure."

Jioni hiyo alichora mstari wake mwenyewe. Sifuri ilikuwa mdomo wa shimo, namba hasi zikashuka mpaka ishirini.

"Msimamizi amesema mvua ikinyesha tusivuke kumi na mbili. Matimba yanaishia hapo."

Matimba ni magogo yanayozuia udongo wa kuta za shimo. Akaweka kiduara kitupu kwenye hasi kumi na mbili, akavuta mshale kuelekea sifuri.

"Umekosea, Baba Jenifa. Amesema msivuke. Kumi na mbili yenyewe imo. Kiduara kijazwe."

"Nimeiacha nje makusudi. Pale mwisho sipapendi."

"Mtihani hauulizi usipopapenda."

Nilichukua mkaa nikakijaza.

Kesho yake mvua ilinyesha asubuhi. Saa nane mchana udongo uliporomoka. Walimtoa akiwa amekufa.

Mama mkwe alikuja kutoka kwao Ngokolo, akakaa nami. Wiki ya tatu akautazama ukuta.

"Mama Jenifa, watu wa kumaliza msiba waje wakute mkaa ukutani? Tuusiribe."

"Nipe siku moja, mama."

Sikumwambia sababu. Nilitaka kwanza kujua kama Masalu alisimama pale nilipomruhusu mimi.

Nilimfuata Wiliam, aliyekuwa ameshika kamba siku ile. Kamba yao ina fundo kila mita. Mchimbaji hufungwa kiunoni, na mshika kamba huhesabu mafundo yanavyopita mikononi mwake.

"Yalipita mangapi?" nilimwuliza.

"Shemeji, maswali gani haya?"

"Nijibu tu."

Alitazama viganja vyake. "La kumi na moja lilipita. La kumi na mbili lilikuwa bado. Naliona, halijanifikia."

"Na kamba ilikuwa imenyooka?"

"Imenyooka. Udongo haukutoka chini, shemeji. Ulitoka huku juu, penye matimba."

"Una hakika na hilo fundo?"

"Watu watatu walinibandua vidole kwenye ile kamba. Muda wote nilikuwa nalitazama."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la Masalu, ukurasa uliofuata baada ya mwandiko wake. Nikachora mstari wa namba. Nikaweka kiduara kitupu kwenye hasi kumi na moja, kingine kitupu kwenye hasi kumi na mbili, nikaviunganisha. Kumi na mbili haimo.

Kisha nilikwenda kuchota maji. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kukanda udongo. Tulianza kusiriba upande ule wenye mstari, na kile kiduara nilichokijaza nilikifunika mwenyewe.